Mihogo ya bibi imeniumbua

Haya wadau, nimerudi. Najua nilikaa kimya tangu kabla ya mitihani mpaka wengine mkaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko, alhamdulillah. Bumu lilichelewa, pepa zikabanana, halafu ikaingia likizo fupi nikaenda zangu nyumbani. Nilitaka leo niandike habari za hapa chuo, lakini kuna jambo limenipata huko Tanga na tangu nirudi Mlimani nalala nalo naamka nalo. Kwa hiyo tuvumiliane. Ni habari ya mihogo. Msianze kucheka.

Kwetu ni Nguvumali, Tanga mjini. Bibi yangu mzaa mama anaishi pale na binamu yangu anayesoma sekondari, na nyuma ya nyumba kuna uwanja mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Miaka yote palikuwa na mpapai mmoja, kamba za kuanikia nguo na kuku wa bibi wanaozurura. Masika ya mwaka jana nilikuwa nyumbani wiki mbili, nikauangalia ule uwanja, nikapata wazo. Kila Ramadhani bibi huwa anarudi sokoni akilalamikia bei ya mihogo. Nikamwambia, bibi, Ramadhani ijayo futari yako itatoka hapa hapa uani. Akanitazama mikono. "Kwa mikono hiyo ya kalamu?" Nikamwambia kwa mikono hii hii.

Mimi sijawahi kulima kitu. Nasomea ualimu, masomo yangu ni Historia na Jiografia, na jembe mara ya mwisho nililishika shule ya msingi kwenye adhabu. Lakini muhogo nani hawezi? Ndivyo nilivyojua. Unakata mti, unachomeka, unaondoka. Mzee mmoja wa mtaa wa nyuma alikuwa anavuna yake, akanipa mzigo mzima wa miti, bure kabisa. Kwetu mbegu ya muhogo mtu haombwi pesa, ukimdai mwenzio watu watakusema mpaka Idd. Nikakata vipande vya shubiri na kidogo, nikapiga matuta na binamu, tukapanda vipande 36.

Miti ikabaki. Sikuitupa. Nikampelekea mama wa maandazi jirani yetu, nikampa ustadhi wa madrasa kwa ajili ya kile kiwanja cha watoto, na furushi kubwa nikampelekea mjomba anayekaa Mikanjuni ila ana shamba Pongwe. Nilijiona mtu wa maana sana siku ile. Lile furushi la mjomba mlikumbuke, tutarudi huko.

Basi mihogo ikaota, nami nikarudi chuo. Mwezi wa tisa nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, binamu akanitumia picha. Majani ya chini yamekuwa ya njano. Bibi anauliza afanye nini. Wiki ile ile nilikuwa nimetoka kufundisha mada ya udongo, ubao mzima umejaa virutubisho kwa mwandiko wangu mzuri, wanafunzi wanasema "ndiyo mwalimu". Sikufikiri hata dakika moja. Nikajibu kwa sauti ya kidarasani kabisa: hiyo ni njaa ya naitrojeni, mmea ukikosa naitrojeni jani kuukuu ndilo hutangulia kugeuka njano, wekeni samadi. Na jamani, hilo la jani kuukuu ni kweli. Ndiyo maana linaniuma. Kama ningesema upuuzi mtupu pengine mtu angenibishia.

Bibi akachukua pesa yake ya upatu akanunua viroba viwili vya mbolea ya kuku, maana ya kuku wake haikutosha. Mwezi wa kumi na moja picha nyingine ikaja: mihogo imepanda juu ya dirisha, majani mapana, kijani kimeiva. Nikamwandikia binamu, "mnaona sasa?" Mbolea ilikuwa imefanya kazi yake, mmea ulishiba. Ila ulikuwa unaumwa, na kushiba na kupona ni vitu viwili.

Kuelekea Disemba mashina matano yakaanza kukauka kutoka nchani kushuka chini. Hapo ndipo Nguvumali nzima ikawa na utaalamu. Mmoja akasema ni mchwa, na kweli binamu alikuta mchwa, ingawa sasa nadhani wale walikuta maiti tayari. Mwingine akasema kijicho, uwanja unaonekana kutoka njiani, kila apitaye anausifu na hamna hata mmoja anayesema mashallah. Mama mmoja akaja na yake: maji ya bafuni. Bafu la bibi linamwaga maji pembeni ya matuta ya mwisho, sabuni ile ndiyo inayounguza mizizi. Hili lilimwingia bibi. Kuanzia siku ile maji ya kuoga yakawa yanakingwa kwenye beseni, binamu anayabeba kwenda kumwaga mtaroni, asubuhi na jioni. Nilipiga simu nikaambiwa habari hiyo nikasema ni wazo zuri. Mnaniona nilivyo? Kila nadharia iliyopita mbele yangu naipigia muhuri.

Likizo ikanikuta na Ramadhani, nikafika nyumbani siku moja kabla ya mwezi kuandama. Siku ya kwanza ya mfungo, baada ya alasiri, tukatoka uani. Bibi alikuwa ameshakuna nazi mbili. Alikuwa pia ameshawaambia majirani wawili kwamba leo futari ya mihogo inatoka kwake, mihogo ya mjukuu.

Shina la kwanza likatoka bila taabu, mihogo mitano minene, ngozi safi. Miwili ilikuwa imebanwa katikati kama mtu aliyefunga mkanda kwa nguvu, sikutilia maanani. Bibi akakaa kwenye kigoda akamenya mmoja, akaukata. Kisu kikasimama.

Ndani kulikuwa na madoa ya kahawia. Siyo kidoa kimoja cha kutoa kwa ncha ya kisu, ni vipande vipande vimetawanyika kwenye ule weupe kama kahawa iliyomwagika kwenye unga. Bibi akasema, "Labda umelala." Kwa wale wa bara wasiopika mihogo: muhogo ukishatoka ardhini hauna muda, ukikaa siku mbili tatu unaanza kupata michirizi ya bluu inayoelekea weusi. Ndiyo tunasema umelala. Lakini huu ulikuwa na udongo mbichi, umelala saa ngapi? Nikamwambia bibi huu umetoka sasa hivi. Hakujibu, akachukua wa pili. Madoa. Wa tatu mweupe pe, tukapumua. Wa nne ulikuwa wa kahawia tangu kichwani mpaka mkiani, na pale penye rangi pakavu, pagumu, kisu kinakwaruza kama unakata kizibo.

Tulichimba mashina manane jioni ile. Tukachonga, tukatupa, tukachonga. Kilichosalia kikaingia kwenye nazi, na hata hicho vipande vingine viligoma kuiva, vikabaki vigumu katikati na uchungu wa ajabu. Majirani wakaja na sahani zao. Adhana ikatukuta na tende, uji wa pilipili manga na maandazi ya jirani. Bibi akasema, "Alhamdulillahi, tende zipo." Basi. Hakusema zaidi ya hapo usiku ule, na kama mnamjua bibi yangu mngejua hiyo ni hotuba nzima.

Asubuhi nikafunga safari kwenda kwa bwana shamba wa kata. Nilibeba mihogo miwili iliyokatwa ndani ya mfuko wa rambo wa zamani, nikijiandaa kueleza habari za naitrojeni, mchwa na sabuni. Akaiangalia kidogo tu. Akasema, "Mwalimu, muhogo nimeuona. Twende nikayaone majani."

Saa nzima iliyofuata imenifundisha kuliko semista nzima, na naandika hapa kwa kirefu kwa sababu najua wengi wenu mna bibi na uwanja.

Kwanza alinipeleka kwenye mti wa muhogo wa jirani, nje ya ua, uliojiotea tu. Majani yake ya juu, yale machanga, yalikuwa yamejikunja, madogo, yana mabaka ya rangi ya maji. Akasema hii ni batobato. Hii kila mtu anaiona, haijifichi. Mti unadumaa, unapata mihogo myembamba, lakini ule utakaoupata ni mweupe na unalika. Watu wakisikia ugonjwa wa muhogo wanafikiria batobato, wakikosa majani yaliyojikunja wanasema shamba langu zima.

Halafu akarudi uani kwetu akainama. Hakuangalia juu, aliangalia chini, majani ya zamani. Jani lilikuwa limenyooka, halijakunjamana hata kidogo, ila njano yake ilifuata vile vishipa vidogo vya jani, imevikumbatia huku na huku, wakati nafasi za katikati bado zina kijani. Fikiria ramani ya Tanga mtu amepaka rangi kando ya barabara tu. Jani lenye njaa ya naitrojeni hupauka lote kwa pamoja, hili lilipauka kwa kufuata njia. Kisha akapanda kwenye shina, pale juu ambapo bado ni kijani, akanionesha michirizi mirefu ya kahawia kama mikwaruzo ya kucha. "Hapa ndipo jina lilipotoka. Michirizi ya kahawia."

Nikatoa simu nikamwonesha ile picha ya mwezi wa tisa. Akaikuza kwa vidole viwili, akanirudishia bila kusema neno. Nikaangalia. Njano ilikuwa inafuata vishipa. Ilikuwa wazi kabisa. Miezi mitano jibu lilikuwa ndani ya mfuko wangu wa suruali.

Maji ya bafuni aliyaachia huru palepale. Muhogo uliooza kwa maji kusimama unakuwa laini, unateleza na unanuka. Huu ni mkavu na mgumu na haunuki chochote. Binamu aliposikia hivyo akaliangalia lile beseni, akaniangalia na mimi.

Ugonjwa wenyewe ni wa virusi. Havimdhuru mtu, ukila sehemu nyeupe hufi, lakini hakuna dawa ya kupuliza wala mbolea ya kuviondoa. Wanaovibeba kutoka mti hadi mti ni inzi weupe, wale wadudu wadogo kama vumbi ukitikisa jani, na hao hawavisafirishi mbali. Kinachovisafirisha mbali ni mtu. Mti wa muhogo ukiugua unaugua wote, kwa hiyo kila kipande unachokata kuwa mbegu kina uwezekano wa kwenda nao. Na kwa kuwa ndani ya muhogo madoa huchelewa kutokea, mwenye shamba anaweza kuvuna mapema akala salama, akakupa miti yake kwa moyo mweupe, na asijue kitu. Yule mzee wa mtaa wa nyuma ninaamini hakujua. Kuna watu wa pwani wanaovuna mapema kila mwaka kwa sababu hiyo hiyo, wameshajifunza kwamba ukiuacha sana ardhini unaharibika, wanadhani ndiyo tabia ya muhogo.

Tulihesabu. Katika mashina 31 yaliyobaki hai, ukijumlisha na yale manane ya jioni, 22 yalikuwa na kahawia ndani. Tisa yalikuwa meupe. Nikauliza kama hayo tisa naweza kuyafanya mbegu. Akatikisa kichwa: weupe wa leo si hati ya usafi, yamekaa na wagonjwa miezi yote hiyo. Yaleni. Akasema kwamba mbegu ukiitaka uichague shambani mti ukiwa bado na majani yake, uangalie ya chini na shina la kijani, na kabla hujaukata uchimbe muhogo wake mmoja uukate vipande vipande. Miti iliyolazwa chini ya mwembe bila majani haikuambii kitu.

Halafu akauliza swali la kawaida tu. "Mbegu iliyobaki ulimpa nani?"

Wadau, hapo ndipo jasho lilinitoka, na mfungo ule.

Kwa mama wa maandazi ilikuwa rahisi. Alikuwa ameshavuna mashina mawili na kuchemsha, hayakuiva, akalaumu sufuria. "Mie nilidhani sufuria ndiyo mbovu, nshaigawa." Akacheka mpaka akakaa chini. Lakini nilipomuuliza kama naye alimpa mtu miti, akanyamaza kidogo, akasema dada yake Muheza. Nikamwomba ampigie simu mbele yangu. Ustadhi alinisikiliza mpaka mwisho, akaita watoto, wakang'oa yote kumi siku ile ile. Kila mtoto alitaka akate wa kwake aone. Ilikuwa kama maabara, makelele matupu, "wangu mweupe!" "wako mgonjwa!" Nilitamani wale wanafunzi wangu wa "ndiyo mwalimu" wangekuwepo.

Kwa mjomba nilienda siku ya tatu kwa sababu nilikuwa naogopa. Mjomba ni mtu mkimya na ananiheshimu kwa sababu ya chuo, amenilipia vitu vingi tangu mama afariki. Nikamkuta shambani Pongwe. Lile furushi langu lilikuwa limezaa vipande 60, na miti yake alikuwa ameshaanza kuikata na kuilaza chini ya mwembe, tayari kwa masika haya, anataka kujaza nusu eka. Nikatoa shikamoo, nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikaanza na virusi.

Akasema, "Shamba lote hili la kijani, wewe waniambia lagonjwa?"

Nikamwonesha majani ya chini. Akasema majani ya chini ya kila mti huzeeka, hata ya mpapai. Nikamwomba tuchimbe. Shina la kwanza, akakata mwenyewe kwa panga, muhogo mweupe kama chaki. La pili hivyo hivyo. Akaanza kutabasamu. La tatu, muhogo mmoja kati ya minne ulikuwa na kahawia upande wa mkiani, kama kidole gumba. "Mmoja tu," akasema. Nikamwambia mjomba, ile miti ya chini ya mwembe imetoka kwenye haya mashina. Akauliza, kwa upole kabisa, kwani nani aliileta mbegu hii. Nikasema mimi. Akasema, "Uliniletea mwenyewe, ukasema ni nzuri."

Sikuwa na la kujibu. Jua lilikuwa linazama, mtu mzima amefunga, siwezi kumbana. Akanipa ile mihogo meupe nimpelekee bibi kwa futari. Nikaibeba. Na ilikuwa mitamu, hilo nalo niseme.

Nilipopanda basi kurudi Dar bwana shamba alikuwa ameniachia neno moja linanikera kichwani. Wakati wa kuagana alisema, "Usione aibu sana, mwalimu. Ugonjwa huu ni wa kwenu, dunia iliusikia kutoka hapo Amani." Nilidhani mzaha. Basi lilipofika Muheza, pale machungwa yanaporushwa madirishani, nikaitazama milima ya Usambara Mashariki. Amani iko juu kule. Si ndiyo masomo yangu haya? Historia gani ninayosoma kama hii siijui?

Nilipofika chuo nikaenda maktaba, sehemu ya East Africana. Ni kweli. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya kilimo na baiolojia Amani mwaka 1902, na Waingereza baadaye wakaendeleza utafiti pale pale. Mwaka 1936 mtafiti Storey, akiwa Amani, ndiye wa kwanza kuueleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwa maandishi na kuutenga na batobato. Batobato nayo ilikuwa imeandikwa na Mjerumani Warburg mwaka 1894, na unajua aliiona wapi? Usambara hiyo hiyo. Magonjwa mawili makubwa ya muhogo Afrika, yote mawili dunia iliyasoma kwanza kutoka milima inayoonekana siku isiyo na mawingu ukiwa Tanga mjini, na mimi nimekua pale sijawahi kusikia hata jina.

Kwa miaka mingi michirizi ya kahawia ilijulikana kama ugonjwa wa pwani na nyanda za chini, watu wakiamini ukipanda juu ya mita 1,000 hivi huukuti sana. Halafu mwaka 2004 ukaripotiwa Uganda, kwenye miinuko ambayo haukutegemewa, ukasambaa kuzunguka Ziwa Viktoria. Kwamba inzi weupe ndio wanaoubeba kulithibitishwa mwaka 2005 tu, karibu miaka 70 baada ya Storey. Hii ilinifariji kidogo. Siyo mimi peke yangu niliyechelewa.

Kilichonikamata zaidi ni habari ya mbegu. Wale watafiti wa Amani walipoona muhogo wa kawaida hauna kinga ya kutosha, waliuzalisha na ndugu yake wa porini, ule mti wa mpira wa Ceara ambao ulikuwa umeletwa kulimwa kwa ajili ya mpira. Wakapata machotara, wakayarudia kuyachanganya na muhogo mpaka yakawa yanalika. Baadhi ya mbegu za kazi ile zilipelekwa mpaka Nigeria na zikasaidia kule kwenye kinga ya batobato. Kuna aina moja pwani ya Kenya inaitwa Kaleso, imetokana na machotara hayo. Kusini kwetu, Mtwara, kuna aina wakulima wanaiita Namikonga inayosifika kwa kuhimili michirizi ya kahawia. Watafiti walipozipima vinasaba wakakuta hizi mbili ni kitu kimoja au karibu sawa. Yaani mbegu ilitoka mlimani kwetu, ikapita mkono kwa mkono, jirani kwa jirani, bure, kama nilivyopitisha mimi yangu, ikafika Mtwara na jina jipya. Njia ni ile ile. Nilikaa na daftari pale sijui nicheke au nilie, mhudumu akaja kuniambia wanafunga.

Kuna pia Kiroba, ambayo bwana shamba aliitaja. Hii haikatai kuugua, inaugua, lakini muhogo wake ndani hauharibiki sana. Alinieleza kwamba mbegu safi zilizokaguliwa zipo, TOSCI ndio wanaozithibitisha, na kituo cha TARI Kibaha ndicho kinachoshughulika na mazao ya mizizi. Sasa Kibaha si iko njiani kabisa, nimepita mara ngapi na basi? Ila mzigo wa miti na nauli, na bumu lenyewe mnalijua. Napiga hesabu. Nataka nikipata walau vipande 100, 30 vya bibi na 70 vya mjomba. Kama kuna mdau ana ndugu Kibaha au anayejua mtu anayeuza mbegu iliyokaguliwa maeneo ya Muheza au Tanga, aniambie mapema, masika hayangoji.

Uani kwa bibi tuling'oa yote kabla sijaondoka. Bwana shamba alisema tuchome, na tuache uwanja upumzike na muhogo kidogo, kwa hiyo bibi amepanda marando ya viazi. Viroba viwili vya mbolea angalau havijaenda bure, nilimwambia hivyo, akaguna. Pesa ya upatu nimeahidi kuirudisha kwa awamu mbili. Binamu ameapa hatabeba tena beseni la maji ya mtu.

Jana usiku bibi kapiga simu. Baada ya salamu zote, na kuulizia kama nakula daku, akasema mjomba alipita kwake baada ya tarawehe, na panga mkononi.

"Kaja kuniuliza lile jani la kuangaliwa ni la juu au la chini."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia la chini. Na muhogo akate."

"Na ile miti ya chini ya mwembe?"

"Hajasema. Kanywa chai, kaenda zake."

Nimempigia mjomba asubuhi hii, haikupokelewa. Nitajaribu tena jioni baada ya kufuturu.